Kutazama Ndege Ukingoni mwa Mto Kilombero

Watu waendao mandari kando ya mto huchukua chakula, maji ya kunywa na mkeka. Ni wachache wachukuao daftari na kalamu. Hata hivyo, ukingo wa mto ni maabara isiyo na gharama. Hapo hukutana maji, matope na matete, na kila mahali pana ndege wake ambao maumbile yao yanalingana na pale waishipo.

Mathalani, yupo detepwani mwenye manyoya meusi na meupe. Hupigapiga mabawa akasimama hewani juu ya maji, kisha hujitupa chini ghafula na kumnasa samaki kwa mdomo wake mrefu. Yangeyange, kwa upande wake, hutembea majini bila kulowesha manyoya kwa sababu ya urefu wa miguu yake. Yuko pia ndege mdogo mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi yaeleayo. Mwanafunzi wa fizikia atatambua siri yake: uzito ukienezwa juu ya eneo kubwa, kanieneo hupungua, na jani halizami.

Je, yafaa nini kutazama viumbe ambao wataalamu wamekwisha kuwaeleza vitabuni? Jibu linapatikana katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kwa miaka mingi wasafiri walivuka mto huo kwa pantoni karibu na Ifakara. Lakini ni mwaka 1986 tu ndipo watazamaji walipotambua kwamba mnana mmoja wa matete ya huko, wa rangi ya manjano na mwenye uso mweusi, hakuwamo katika orodha yoyote ya sayansi. Mwaka 1990 alipewa jina la Ploceus burnieri. Hajulikani kuishi popote duniani ila katika bonde hilo.

Zaidi ya hayo, katika nyasi za bonde hilo waliishi ndege wengine wawili, wadogo na wa rangi ya kahawia, ambao kwa macho hufanana sana na jamaa zao. Kilichowatenga kwanza ni sauti. Baadaye uchunguzi wa chembeuzi uliongeza ushahidi, na mwaka 2021 wakaelezwa rasmi kuwa spishi mbili mpya. Ndiyo kusema kwamba mtazamaji hodari hutumia masikio sawasawa na macho.

Ikumbukwe kwamba ndege wa matete hawana pa kukimbilia matete yatowekapo. Eneo oevu la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na hekta 796,735. Lakini bonde hilohilo huwalisha watu: mpunga hulimwa, ng'ombe hulishwa, na nyasi huchomwa moto wakati wa kiangazi. Si haki kumlaumu mkulima ambaye hajaelezwa kwamba jirani yake ni ndege asiyepatikana kwingineko. Wala haiwezekani kupima hasara ikiwa hapana aliyehesabu hapo awali.

Kwa hiyo kazi ya kuhesabu inaweza kuanza shuleni. Chagueni mahali pamoja ukingoni, palipo salama mbali na mamba na viboko, na mwende pamoja na mwalimu. Fikeni asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Ketini kimya kwa dakika 20, mkiandika tarehe, saa, hali ya hewa, kimo cha maji, aina za ndege na idadi ya kila aina. Asiyejulikana jina aandikwe kwa umbo la mdomo, rangi, mwendo na sauti. Darubini husaidia, lakini si sharti. Mnana akiacha kurejea kiotani, jueni kwamba mmekaribia mno, rudini nyuma. Mabaki ya chakula yachukuliwe, kwani huwavuta kunguru, nao hula mayai na makinda ya wenzao.

Rudieni zoezi hilo kila mwezi, mahali palepale na kwa muda uleule, maana bila hivyo tarakimu hazilinganishwi. Siku ambayo hakuonekana ndege iandikwe pia, kwa kuwa sifuri nayo ni taarifa. Daftari la miaka mitano, lililorithishwa kutoka darasa moja hadi jingine, litaonyesha kama matete ya mto wenu bado yana wakazi wake, au yanawapoteza polepole pasipo mtu kujua.