Programu za Zahanati, Hisa za Oracle

KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya vya serikali nchini Kenya, vikiwemo vya Nakuru, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza. OpenMRS ilianza kubuniwa mwaka 2004. Mwaka 2006 iliingia kazini Eldoret chini ya mpango wa AMPATH, baada ya wagonjwa wa VVU kuuzidi nguvu mfumo wa awali uliozaliwa katika kituo cha Mosoriot, Nandi.

OpenMRS yenyewe haijawahi kununuliwa. Kilichonunuliwa ni msingi wake. OpenMRS iliandikwa kwa Java, lugha ya kampuni ya Sun Microsystems, na data zake zikahifadhiwa katika MySQL, hifadhidata iliyoasisiwa Uswidi. Mwaka 2008 Sun iliinunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1. Aprili 2009 Oracle ikatangaza kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4. Oracle huishi kwa kuuza hifadhidata za kulipia, na wenye shaka waliona fisi amekabidhiwa bucha.

Tume ya Ulaya ilichunguza ununuzi huo kwa miezi kadhaa, hasa kwa sababu ya MySQL, ikauidhinisha Januari 2010. Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, hakungoja. Alichukua msimbo uleule, kama leseni ya GPL inavyoruhusu, akaanzisha MariaDB, jina linalotokana na la binti yake. Jina la MySQL lilibaki kwa Oracle. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa OpenOffice, programu ya ofisi iliyotoka Sun: Septemba 2010 wachangiaji walijitenga na kuunda LibreOffice, na Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache mwaka uliofuata, wachangiaji wengi wakiwa wameshaondoka.

Msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni huria haurudi kufungwa. Mnunuzi hupata vitu vingine: jina, waandishi wanaolipwa mshahara na, akimiliki hakimiliki yote, uwezo wa kubadili leseni ya matoleo yajayo.

Kwa upande wa Java, tatizo lilichelewa. Mwaka 2019 Oracle ilianza kudai ada kwa biashara zilizotaka masasisho mapya ya Java 8. Kimbilio likawa OpenJDK, toleo huria ambalo, ajabu, Oracle yenyewe ni mchangiaji wake mkubwa.

Karani wa kliniki hakuona lolote katika haya. Mzigo huwaangukia mafundi, kwa kuwa MySQL na MariaDB zimezidi kutofautiana, na kila uhamisho hudai majaribio upya. Toleo la 3 la OpenMRS sasa husambazwa pamoja na MariaDB. Jina la OpenMRS linashikiliwa na shirika lisilo la faida, ambalo halina hisa za kuuzwa. Udhaifu uko kwingine: kazi ya kuikuza KenyaEMR imetegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na mfadhili akijiondoa, waandishi hutawanyika hata kama hakuna aliyenunua chochote.