Hatifungani ya Halmashauri: Mshauri Anakaa Upande wa Nani?

Ukitaja neno "hatifungani" gulioni Busunzu, watu watajua unaongelea mambo ya benki na hawatakuuliza zaidi. Hapa chuoni hali si tofauti sana, ila sisi tumezoea kuitikia kwa kichwa kama vile tumeelewa. Basi tuanze na kitu tunachokijua wote: bumu. Unapewa pesa leo, unakula, unasoma, halafu mshahara wako unakatwa miaka na miaka. Hatifungani ya halmashauri ni bumu la mji mzima. Halmashauri inakopa kwa wananchi, mifuko ya hifadhi ya jamii, benki na kampuni za bima, inajenga soko au stendi, inalipa riba kwa vipindi vilivyopangwa na mwishowe inarudisha fedha yote iliyokopwa.

Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kwenye bumu, aliyesaini ndiye anayekatwa. Kwenye hatifungani, madiwani wanapitisha, mkurugenzi anasaini, halafu anayekatwa ni mkulima wa maharage ambaye mnunuzi anamshushia bei ili kufidia ushuru wa getini, pamoja na mtoto ambaye siku ya kusaini yuko darasa la pili.

Tanzania tayari tuna mfano, ingawa si wa halmashauri. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu walinunua hadi zikafika bilioni 54.72, na Mei mwaka huohuo ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha hizo ni za kupanua huduma ya maji yanayotoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na deni linategemea ankara za maji. Shirika la Umoja wa Mataifa la UNCDF liliwasaidia kitaalamu.

Sasa piga hesabu kidogo. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, wakati deni bado ni zima. Riba ikipanda au kushuka kwa asilimia 1 tu, tofauti ni shilingi milioni 531 kwa mwaka. Kwa halmashauri ya kwetu milima ya Kigoma, hiyo ni fedha ya zahanati na madarasa. Na mtu mwenye sauti kubwa kwenye hiyo asilimia 1 ni mshauri wa fedha.

Anafanya nini hasa? Anapekua vitabu vya halmashauri na kusema inaweza kubeba deni kiasi gani. Anapanga miaka ya kulipa, anapendekeza riba, anaandaa waraka wa matarajio unaopelekwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, anawaelekeza madiwani nani auze hatifungani na kwa ada ipi. Benki au dalali anayeuza naye ana wataalamu wake, tena hodari, ila hao wanamtumikia dalali. Upande wa pili wa meza kuna diwani wa kata aliyepewa makabrasha ya Kiingereza jioni ili apitishe asubuhi. Bila mshauri wake mwenyewe, atapitisha tu. Nani asingepitisha?

Marekani wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Kaunti ya Jefferson, jimbo la Alabama, ilikopa kwa hatifungani ili kukarabati mfumo wa majitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikashawishiwa kubadili deni hilo kuwa la riba inayopanda na kushuka, pamoja na mikataba ya kubadilishana riba ambayo watu wachache sana waliielewa. Wakaguzi wa masoko walidai kwamba watu wa benki ya JPMorgan walipitisha zaidi ya dola milioni 8 kwa kampuni ndogo za marafiki wa viongozi wa kaunti. Mwaka 2009 benki ilikubali kulipa dola milioni 75 na kusamehe madai ya dola milioni 647. Hata hivyo kaunti ilifilisika Novemba 2011, na bili za majitaka zilikuwa zimeshapanda kwa watu ambao hawakuwahi kuona hiyo mikataba. Tangu mwaka huohuo, kanuni za Marekani zinamkataza kampuni aliyekuwa mshauri wa hatifungani kugeuka kuwa muuzaji wa hatifungani hiyohiyo. Kwa lugha ya mtaani: huwezi kuwa mshenga wa pande mbili.

Afrika tatizo limekuwa tofauti kidogo. Dakar iliandaa kila kitu, ikawa na wataalamu wa kutosha, na mwaka 2015 serikali kuu ya Senegal ikaizuia dakika za mwisho. Kwetu, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inataka idhini ya waziri kabla halmashauri haijakopa. Kwa hiyo mshauri anayeanza na vitabu vizuri vya rangi kabla ya kuuliza habari za idhini, huyo anakula ada tu.

Najua mtu atasema Kibondo na Kasulu bado sana. Mapato ya ndani ni madogo, kweli. Lakini Wizara ya Fedha imekuwa ikizihimiza halmashauri zitafute njia mbadala za kugharamia miradi, na Kasulu Mji ina hamu ya miradi kama mji mwingine wowote unaokua. Karatasi hiyo itafika siku moja. Zabuni za ushauri siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, na hapo ndipo pa kuangalia. Bei ya chini isiwe kigezo pekee: mshauri wa bei chee anaweza kuifidia kwa kuwaleta rafiki zake wauze hatifungani. Aeleze kwa maandishi analipwa na nani mwingine. Halafu kuna ada, ambayo binafsi naiona nzito kuliko yote. Mshauri akilipwa asilimia ya hatifungani itakayouzwa, hatasema kamwe "msikope", na kwa halmashauri nyingi za kwetu huenda hilo ndilo jibu sahihi kwa sasa. Alipwe kwa hatua za kazi, ripoti ikisema ndiyo au hapana. Na muhtasari wake uwe wa Kiswahili, kurasa chache, ufike kwa madiwani wiki kadhaa kabla ya kikao.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Likizo ikikukuta nyumbani na ajenda hiyo iko mezani, nenda ukasikilize, halafu mtafute diwani wako nje umuulize ada ya mshauri inalipwa lini na kwa kipimo gani.