Dende Wakifa, Tusimshitaki Jirani



Tunapowatembelea waumini wetu hapa Uvira, kutoka Kalundu hadi Kavimvira, tunawakuta dende katika jikoni nyingi. Ng'ombe na mbuzi wengi waliporwa wakati wa vita. Dende ni mdogo, mtu anaweza kukimbia naye ndani ya kikapu, na akiuzwa anapatia mtoto daftari na kalamu. Kwa hiyo wanapokufa, uchungu ni mkubwa. Mara nyingi tunaitwa kuombea nyumba ambayo tayari imemtaja jirani kwamba ndiye aliyewaroga.

Tunaomba, ndiyo. Lakini Mithali 27:23 inatufundisha kwamba mwenye mifugo anapaswa kuijua hali yake. Kabla ya kumtaja mtu, tuangalie mambo matatu.

La kwanza ni majani mabichi. Mwili wa mbuzi au wa kuku hujitengenezea vitamini C. Mwili wa dende hauwezi, sawa na mwili wetu sisi wanadamu. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe walieleza kwamba dende waliolishwa nafaka peke yake walipata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wengi wa zamani. Kwetu, kiangazi kikifika na majani kukauka milimani, wengi huwapa dende pumba na maganda makavu tu. Baada ya wiki chache manyoya yanaharibika, viungo vinavimba, mnyama anashindwa kutembea, na mimba zinatoka. Dawa yake iko shambani: majani mabichi ya viazi vitamu, lengalenga au kabichi, kila siku.

La pili ni damu. Kila mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Kasoro iliyotoka upande mmoja mara nyingi hufunikwa na uzima wa upande mwingine. Lakini dume akimpanda dada yake au mama yake, kasoro ile ile inaweza kutoka pande zote mbili, na hapo inajitokeza: watoto wachache, wadogo, wasio na nguvu. Katika jikoni ambamo wote wanalala pamoja na dume mgeni haingii kamwe, jambo hili linaongezeka kila kizazi.

La tatu ni umri. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne au tano tu, wakati yeye mwenyewe bado anakua. Mimba huchukua siku 68 hivi, na anaweza kushika nyingine siku ile ile anapozaa. Kwa hiyo tuwatenge madume wadogo wakifikisha wiki tatu, tusiwape majike dume kabla ya miezi mitatu hivi, na tumwondoe dume jike anapokaribia kuzaa, ili mama apumzike.

Wakifa wengi kwa siku chache, huenda ni ugonjwa wa kuambukiza. Tuwatenge wagonjwa, tusafishe banda, tumwite daktari wa mifugo.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloletwa na jicho la mtu. Tena, tukilifikiria lile la pili, tunaona jambo la ajabu. Dume mwenye damu ngeni tunayemhitaji hayuko kwetu. Yuko kwa jirani. Naye pia anamhitaji wa kwetu. Nyumba mbili zikibadilishana madume, mifugo ya pande zote mbili inapata nguvu, bila kulipa hata faranga moja.

Basi tunawasihi viongozi wa vikundi vya maombi: mkutano ujao, kila mfugaji aseme ana madume wangapi na alimtoa wapi wa kwanza. Na yule tuliyemnung'unikia, tumwendee yeye kwanza. Twende tukiwa na dume ndani ya kikapu, na neno la kuomba msamaha.