Gemu zangu za mwaka: nyoka, matofali, bao, na mashine moja niliyoikataa

Mwaka huu nilicheza gemu nyingi kuliko mwaka wowote tangu niingie masomo ya uzamili, na sababu yenyewe si ya kujivunia sana: umeme. Nilikuwa mkoani Geita nakusanya sampuli za udongo karibu na mialo ya wachimbaji wadogo, na wikendi narudi nyumbani Shinyanga. Umeme ukikatika kompyuta inazima, data inakaa inasubiri, na wewe unabaki na kitochi chako mkononi. Sasa utafanya nini?

Basi hizi hapa gemu tatu zilizonipendeza mwaka huu, na moja niliyoikataa. Nitakueleza pia sayansi iliyojificha ndani ya kila moja. Kama una haraka, ruka mpaka ya nne, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

1. Nyoka

Unamjua. Yule nyoka wa Nokia aliyezaliwa mwaka 1997 kwenye simu ya Nokia 6110, kazi ya mhandisi wa Finland aitwaye Taneli Armanto. Anakula, anarefuka, anajing'ata, mchezo umeisha. Nilimcheza nikiwa mdogo kwenye simu ya mama, kwa siri, mpaka chaji ikaisha na mimi nikachapwa.

Nilipomrudia mwaka huu nilijiuliza swali ambalo utotoni sikuwahi kujiuliza: hivi inawezekana kumshinda kabisa, yaani kujaza kioo chote bila kufa?

Chukua karatasi, chora vyumba kama vya drafti: mistari 6 kwenda chini, safu 5 kwenda kulia. Anzia kona ya juu kushoto. Nenda kulia mpaka mwisho, shuka mstari mmoja, rudi kushoto lakini ukomee safu ya pili. Shuka, nenda kulia. Shuka, rudi kushoto mpaka safu ya pili. Endelea hivyohivyo. Mstari wa mwisho tu ndio unaurudi mpaka safu ya kwanza kabisa, kisha unapanda juu kwa ile safu uliyoiacha wazi mpaka ulikoanzia. Umepita kila chumba mara moja tu na umerudi nyumbani.

Njia ya namna hii inaitwa mzunguko wa Hamilton, kwa jina la mwanahisabati wa Ireland ambaye miaka ya 1850 alibuni mchezo wa kutafuta njia kama hizo. Nyoka wako akifuata mzunguko huo bila kutoka, chakula lazima atakikuta, maana anapita kila mahali. Na hawezi kujing'ata, kwa sababu mwili wote umelala nyuma yake kwenye njia ileile.

Sasa jaribu kwenye karatasi ya 5 kwa 5. Utahangaika mpaka usiku. Vipake rangi vyumba vyake kama drafti, cheusi na cheupe kwa kupokezana: utapata vyeusi 13 na vyeupe 12. Kila hatua inakutoa rangi moja kwenda nyingine, kwa hiyo mzunguko unaorudi ulikoanza lazima uwe na idadi sawa ya rangi zote mbili. Na 13 si 12. Basi, imeshindikana, na wala si kosa lako.

2. Matofali

Kabla ya simu za kupangusa, pale sokoni palikuwa na vile vigemu vya mkononi vya betri, vimeandikwa kwamba vina michezo maelfu, ukivifungua ni uleule mmoja: matofali yanashuka, unayapanga. Jina lake halisi ni Tetris. Aliubuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, akiwa mtafiti wa kompyuta. Una maumbo 7, kila moja limeundwa kwa vyumba 4.

Kama umewahi kuucheza muda mrefu, unajua kinachotokea ukifumba macho: matofali yanaendelea kushuka. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu jambo hilohilo. Waliwachezesha watu, kisha wakawauliza wanaona nini usingizi unapoanza kuwachukua. Wengi waliona matofali. Cha ajabu zaidi, miongoni mwao walikuwemo wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, na baadhi yao pia waliyaona, japo hawakukumbuka kuwa walicheza gemu yoyote. Ubongo ulikumbuka kitu ambacho mwenye ubongo hakukumbuka.

Kuna na hili. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonesha watu filamu yenye matukio ya kutisha, halafu baadhi yao wakacheza Tetris. Waliocheza walirudiwa mara chache zaidi na zile picha katika siku zilizofuata. Mwaka 2017 kundi lake likatoa matokeo ya watu waliofikishwa hospitalini baada ya ajali za barabarani, nayo yakaelekea kulekule. Maelezo yao ni kwamba sehemu ya akili inayoshika picha na nafasi ni ndogo. Ikiwa inapanga matofali wakati kumbukumbu ya ajali bado mbichi, ile picha inakosa nafasi ya kukaa sawasawa.

Usinielewe vibaya: hii si dawa, na mtu aliyeumia moyo anahitaji watu, si simu. Lakini nilikaa na hilo kichwani jioni moja kule machimboni, mzee mmoja aliponisimulia duara lililotitia akiwa juu na wenzake wakiwa chini. Alisema miaka imepita lakini jicho bado linaona.

3. Bao

Hapa utasema nimedanganya, bao si gemu ya kompyuta. Subiri. Nilianza kulicheza kwenye simu, nikaanza kuishinda simu kwenye kiwango cha kati, nikapata kiburi. Wikendi iliyofuata nikaenda kukaa na babu mmoja wa mtaani kwetu anayecheza chini ya mwembe. Nikamwamkia vizuri, "Shikamoo babu," naye, "Marahaba mjukuu wangu, kaa." Alinifunga kabla chai haijapoa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sisi Wasukuma tuna ndugu yake, isolo. Hakuna kadi iliyofichwa, hakuna bahati. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho yako, na bado unafungwa.

Simu inachezaje? Inatazama mbele. Tuseme kila zamu una njia 5 za kucheza. Ukitaka kuona zamu 6 mbele, zako na za mpinzani, unapata 5 mara yenyewe mara 6, yaani njia 15,625. Simu inazipitia zote upesi na kuchagua ile ambayo hata mpinzani akicheza vizuri namna gani, wewe unaumia kidogo zaidi.

Babu hawezi kuhesabu njia 15,625, na wala hajaribu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walionesha kwa wachezaji wa chesi jinsi mabingwa wanavyofanya: waliwaonesha ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kama ubao ulitoka kwenye mchezo halisi, bingwa aliwaacha mbali wanaoanza. Kama vipande vilimwagwa ovyo, ubingwa haukumsaidia chochote. Kwa hiyo bingwa hana kumbukumbu kubwa kuliko wewe. Ana maelfu ya mipangilio aliyoizoea, kama wewe unavyosoma neno zima bila kuhesabu herufi.

Nilimwambia babu habari hizo. Akacheka, akasema nilivyopanga kete zangu aliwahi kuviona mwaka 1971.

4. Mashine

Sasa hii. Zimejaa kwenye miji na vijiji vya dhahabu, nje ya duka, ndani ya baa, karibu na karasha. Kisanduku chenye taa, unaingiza sarafu ya mia mbili, unabonyeza, taa zinazunguka. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye karasha. Mwezi wa saba aliniomba hela ya kodi ya chumba. Nikamuuliza mshahara umekwenda wapi, akasema, "Kaka, nilikuwa nimekaribia kabisa."

Hilo neno "nimekaribia" ndilo nataka tulitazame.

Kwenye nyoka, kukaribia kuna maana. Ukifa ukiwa na alama 90, jana ulikufa na 60, umejifunza kitu. Kwenye mashine hakuna kukaribia. Kila mbonyezo unaamuliwa upya kwa namba za kubahatisha, na taa iliyosimama jirani na zawadi kubwa haina tofauti na iliyosimama mbali. Ni kukosa tu, kumevalishwa nguo za kukaribia. Lakini ubongo wetu umezoea dunia ambayo ukikosa kidogo ujue uko njiani, kwa hiyo unasema: tena moja.

La pili ni ratiba ya zawadi. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na wenzake walionesha kwamba njiwa anayepewa chakula baada ya idadi isiyotabirika ya midonoo hudonoa kwa bidii kubwa, na chakula kikikatwa kabisa anaendelea muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Aliyezoea kulipwa kila mara anaacha mapema, maana anagundua haraka kuwa mambo yamebadilika. Mashine inalipa kama kwa yule njiwa wa kwanza.

La tatu ni hesabu, na hii nilikaa nayo na mdogo wangu na daftari. Tuchukulie mashine ni ya ukarimu: kwa kila 100 inayoingia, kwa wastani inarudisha 90. Una 10,000. Ukiizungusha yote mara moja, unabaki wastani wa 9,000. Hutoki, unazungusha hiyo 9,000: zinabaki 8,100. Halafu 7,290. Halafu 6,561. Ukifika mara ya saba una 4,783, chini ya nusu. Kwa sarafu za mia mbili hiyo ni kama mizunguko 260. Sekunde 5 kila mzunguko, ni dakika 22 hivi. Huo ni wastani, kweli, wapo wanaotoka na hela mfukoni siku hiyo. Lakini ukirudi kila jioni, ule wastani unakusubiri mlangoni.

Alitazama daftari muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna ujanja?" Nikamwambia hakuna. Kwa babu wa bao kuna ujanja, kwa nyoka upo. Hapa aliyeweka mashine ameshashinda kabla hujabonyeza. Tena sheria ya mwaka 2003 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, lakini nimeona watoto wenye sare za shule wamepanga foleni.

Siwezi kukwambia ameacha. Mwezi wa kumi aliacha, mwezi wa kumi na moja akarudia, akaniambia mwenyewe kabla sijauliza, na hilo mimi nimelihesabu kama hatua. Sasa Jumamosi tunacheza bao, na ananifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hiyo ukipata gemu mpya mwaka ujao, icheze mara ishirini kisha jiulize swali moja tu: je, mara ya ishirini nimeicheza vizuri kuliko ya kwanza kwa sababu ya kitu nilichojifunza? Kama jibu ni hapana na kila mara unaingiza sarafu, funga mfuko. Na ukiweza, mkae na mtu wako na daftari. Ile hesabu ya mara saba haichukui hata dakika tano.