Kiongozi wa taifa dogo na ushahidi wa wino

Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza Januari 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, humpima kila anayetaka kuandikwa kwa kipimo kimoja kikuu: je, watu wasiofungamana naye wamemwandika kwa kina katika machapisho ya kuaminika? Kwa rais wa nchi inayotambuliwa, swali hilo halina mjadala. Shelisheli ina wakazi takriban laki moja, lakini kila rais wake ana ukurasa. Kaunti ya Nandi pekee, hapa Kenya, ilihesabiwa kuwa na watu 885,711 katika sensa ya 2019. Kwa hiyo udogo wa nchi haumzuii kiongozi kuingia. Kinachomzuia ni uchache wa maandishi, na hapo ndipo viongozi wa mataifa yaliyokuwapo kabla ya mipaka ya leo wanapopata taabu, kwa kuwa mara nyingi waliowaandika kwanza ni wale waliokuja kuwavunja.

Hapa Eldoret mfano haupo mbali. Koitalel arap Samoei alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, akiwa mrithi wa baba yake Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa mwaka 1890. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, Wanandi walikuwa tayari wanapigana nao, na waliendelea kupigana kwa takriban miaka kumi. Nyaya za simu zilikatwa, vyuma vya reli vikabebwa, na misafara ya kijeshi ikatumwa mmoja baada ya mwingine. Ni majeshi machache Afrika Mashariki yaliyowasumbua Waingereza kwa muda mrefu namna hiyo. Vita viligeuka tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alipouawa katika mkutano ulioitwa kuwa wa mazungumzo ya amani. Wanandi wakasukumwa kwenye hifadhi. Miaka mitatu baadaye msafara mkubwa wa Makaburu ukafika nyanda za Uasin Gishu, na mwaka 1912 kituo cha Shamba Nambari 64 kikapewa jina la Eldoret, ingawa wapo wanaouita mji huu Sisibo, kutokana na nambari hiyo, hadi leo. Mji uliotangazwa jiji Agosti 2024 umesimama juu ya matokeo ya kushindwa kule. Kiongozi ambaye kifo chake kilibadili umiliki wa ardhi ya eneo zima anastahili kuandikwa, na kwa kweli ukurasa anao. Linalobaki kuulizwa ni ukurasa huo unasimama juu ya ushahidi wa nani.

Aliyempiga risasi alikuwa Richard Meinertzhagen, ofisa wa kikosi cha King's African Rifles. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 alichapisha shajara yake ya Kenya ya miaka ya 1902 hadi 1906, na kwa miongo mingi kitabu hicho kilinukuliwa kama shahidi mkuu wa kilichotokea siku ile. Kilikuwa na kila sifa ambayo kanuni ya Wikipedia inaidai: mwandishi anayejulikana, mchapishaji, tarehe, kurasa za kunukuu. Kisha miaka ya 1990 wataalamu wa ndege wakathibitisha kwamba mtu huyuhuyu aliiba ndege waliokaushwa kutoka makavazini na kuwabandika lebo mpya zenye maelezo ya uongo. Mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield akatoa kitabu kizima kinachotilia shaka mengi aliyojisimulia, shajara zikiwamo. Kwa muda wote huo, wazee wa Nandi waliosimulia kwamba Orkoiyot aliuawa kwa hila akinyoosha mkono wa salamu walichukuliwa kuwa na hadithi tu, huku muuaji akihesabiwa kuwa na chanzo.

Atakayejibu kwamba masimulizi ya mdomo hubadilika, hupambwa na huegemea ukoo wa msimulizi atakuwa amesema kweli. Lakini kasoro hizo zote zimo katika shajara ya Meinertzhagen, na wino haukuziponya. Dawa yake inajulikana: kulinganisha simulizi na simulizi, na simulizi na hati, kisha kuchapisha matokeo ili wengine wayapinge. Profesa Bethwell Ogot, aliyewahi kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret, aliandika historia ya Waluo wa Kusini kwa njia hiyo na kuichapisha mwaka 1967. Hata ndani ya Wikipedia, mwaka 2011 kulifanyika jaribio la kunukuu masimulizi yaliyorekodiwa huko India na Afrika Kusini. Jaribio hilo halikubadili kanuni, lakini lilionyesha kwamba kanuni si amri iliyoshuka kutoka mbinguni.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanahistoria wenyewe. Orkoiyot, wanasema, hakuwa mfalme. Mambo ya kila siku ya Wanandi yaliamuliwa na mabaraza ya kokwet na pororiet. Orkoiyot alikuwa na wajumbe wake, maotik, na baraka yake ilitafutwa kabla ya vita, lakini Waingereza walimkuza kwa sababu walitaka mtu mmoja wa kumlaumu na kumwondoa. Huenda ni hivyo. Hata hivyo, hoja hiyo inaupa ukurasa kazi zaidi ya kufanya. Kamusi elezo nzuri ingeeleza cheo hicho kilikuwa na nguvu gani na kilikosa zipi, badala ya kumbandika jina la chifu au la mganga kisha kusonga mbele.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukifungua mlango, kila mwanasiasa wa kaunti na kila ukoo wenye fahari utadai ukurasa. Hofu hii naiheshimu, maana kurasa za kujisifu zipo nyingi na zinachosha. Lakini dai la ushahidi usiofungamana na mhusika ndilo linalowazuia wajisifu, na sitaki lilegezwe hata kidogo. Ninachodai ni kwamba ushahidi huo uzalishwe huku. Mkimbiaji wa Eldoret haombi kuaminiwa: saa ya uwanjani imekwisha kumshuhudia mbele ya dunia, na ndiyo maana Eliud Kipchoge ana kurasa katika lugha nyingi. Kiongozi hana saa. Ana magazeti, vitabu na tasnifu za vyuo vikuu, na visipoandikwa hana chochote.

Mtihani wa kweli uko kwa mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei. Alikamatwa mwaka 1923 Waingereza walipohofia maasi mapya, akaachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Ni takriban miaka 41 ya kuzuiliwa, ikilinganishwa na 27 ya Nelson Mandela, lakini ni wanafunzi wangapi wa Kenya wanaolijua jina lake? Kwa kipimo chochote cha haki anastahili ukurasa mrefu, si aya tatu. Maofisa waliomzuilia walikuwa watu wa kuandika sana, na mawasiliano yao yanatafutika katika hifadhi za nyaraka Nairobi na London. Upande wa pili wa habari hiyo uko vijijini, hauko katika faili. Barsirian alifariki mwaka 1974. Aliyekuwa na miaka ishirini alipoachiliwa sasa amevuka themanini. Idara za historia za vyuo vya jiji hili zinaweza kuwafikia wazee hao kwa gari asubuhi na kurudi jioni, zikiwa na kinasa sauti, kisha zikachapisha walichosema kwa Kinandi, Kiswahili na Kiingereza. Kazi hiyo haiwezi kungoja kizazi kingine cha wahadhiri.