Jezi Umevaa, Kadi Je?

Oya wanangu wa Simbo, kuna ishu lazima tuongee. Siku ya dabi ya Simba na Yanga kibanda umiza kinajaa mpaka mlangoni, masela bega kwa bega, huku kijani na njano, kule nyekundu na nyeupe. Mzuka wake si wa kitoto. Ila muulize mshkaji klabu yake inakaa wapi, atakwambia Dar. Dar ya wapi?

Kariakoo, mwanangu, katikati ya jiji. Yanga ilianza 1935, na jengo lake liko kona ya Twiga na Jangwani, ubavuni mwa uwanja wa Kaunda, ule ambao mvua zikikolea unageuka bwawa. Simba ilianza 1936, ikaitwa Sunderland miaka kibao hadi 1971. Maskani yake ni mtaa wa Msimbazi, ndo maana tunawaita Wekundu wa Msimbazi. Si mijengo ya kishua. Lakini ni nyumba za wanachama, na kwa hilo nazipa heshima zote. Mchuuzi na bosi wakiingia pale na kadi ya uanachama mkononi, wote ni wenye nyumba.

Na sisi Kigoma tumo kwenye hiyo stori. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindi cha pili, mechi inaelekea ukingoni, ikapigwa kona. Taddeo Lwanga akapaa, akatia kichwa, kamba zikatikisika. Simba 1, Yanga 0. Aprili 2024 timu yetu ya Mashujaa ikaitupa Simba nje ya kombe hilohilo kwa penalti, tena palepale nyumbani. Nani tena atasema soka ni la Dar peke yao?

Sasa sikieni. Simba na Yanga zote zimepitisha mfumo wa hisa ambao wanachama wanabaki na asilimia 51. Hiyo 51 ni ya wenye kadi. Jezi inakupa mzuka, kadi inakupa kura. Bila kadi utalalamikia usajili kijiweni mpaka koo likauke, na uongozi hautakusikia.

Kwa hiyo wanangu, tafuteni tawi, kateni kadi, lipeni ada kwa wakati. Mkiwa wengi Simbo, anzisheni tawi lenu. Klabu ni ya wanachama, na nafasi yenu ipo.