Utangulizi: Anayefupisha Maneno Anafanya Nini?

Uchambuzi wa mazungumzo ni taaluma inayoyachukua maongezi ya kila siku, ya kwenye simu, ya mezani, ya kwa daktari, na kuyachunguza kwa uangalifu ambao kwa kawaida tunauweka akiba kwa mashairi. Nitakuingiza kwa mlango mdogo: usemi wa Kiingereza cha maongezi, "long story short", ambao msimulizi huutamka anapotaka kuruka hadi mwisho wa habari. Mswahili angesema "nisikuchoshe".

Ni rahisi kudhani kwamba kazi yake ni kuokoa muda. Mimi sikubali. Mara ngapi umemsikia mtu akiahidi kufupisha wakati habari imekwisha kurefuka?

Jibu linaanzia kwa Harvey Sacks, ambaye mwaka 1963 na 1964 alikuwa katika kituo cha kuzuia watu kujiua mjini Los Angeles, akichunguza simu zilizorekodiwa. Mwaka 1974, yeye na Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walieleza namna watu wanavyopokezana zamu. Mwenye zamu ana haki ya kipande kimoja tu cha usemi, pengine sentensi moja; kikiisha, mwingine anaruhusiwa kuingia. Basi msimulizi ana shida, maana anahitaji vipande vingi. Ndiyo sababu huanza kwa kuomba nafasi: "Unajua yaliyonikuta jana?" Msikilizaji akiitikia, amekubali kuziachilia zamu zake kwa muda, naye anamdai msimulizi tokeo la maana. Usemi wetu hutangaza kwamba deni hilo li karibu kulipwa: mengine nayaruka, jiandae kucheka au kusikitika. Paul Drew na Elizabeth Holt, katika makala yao ya 1998 juu ya mazungumzo ya Kiingereza, walionyesha jambo linalokaribiana na hilo: semi za kujumlisha habari huja pale mada inapofungwa. Mmoja hutoa usemi, mwenzake hukubali, kisha wanahamia habari nyingine.

Lakini kinachonivuta zaidi ni kumfupishia mwenzako. John Heritage na Rod Watson waliandika mwaka 1979 kwamba anayejumlisha maneno ya mwingine huyahifadhi, huyapunguza na huyageuza, yote kwa mara moja. Tena ufupisho huo hudai jibu, na kukubali ni rahisi kuliko kukataa. Tuseme mgonjwa anaeleza kwamba maumivu yalianza baada ya msiba, usiku halali, na mguu unakufa ganzi. Daktari anasema, "Kwa hiyo ni mgongo." Mgonjwa akijibu "ndiyo", msiba haumo tena katika maongezi, na huenda hautaingia kwenye faili. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo jambo zito limeondoka, na aliyeliondoa siye mwenyewe.

Kuyaona haya hakuwezekani kwa kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu nayo hufupisha. Jefferson alibuni namna ya kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa pamoja na pumzi, vicheko, maneno yanayogongana, na ukimya unaopimwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Unapoanza kusoma maandishi ya aina hiyo, tazama kwanza kinachofuata mara tu baada ya ufupisho: je, "ndiyo" ilikuja papo hapo, au ilikawia? Kisha rekodi maongezi ya watu unaowafahamu, kwa ridhaa yao, uyaandike mwenyewe kwa mkono. Dakika moja ya sauti yaweza kukuchukua asubuhi nzima.